Kabla Bumu Halijaisha, Chukua Chaki

Geto la futi 10 kwa 10 lina futi za mraba 100. Kitanda cha 4 kwa 6 peke yake kinakula 24, karibu robo ya chumba. Ukiongeza sofa na kabati, utapita ubavu ubavu, na bumu ndo limeisha.

Kwa hiyo, kabla ya kwenda kwa seremala, beba futikamba na chaki. Chora kila kitu sakafuni kwa vipimo vyake. Fungua mlango, uone kama utagonga kitanda. Pasipopitika, futa, chora upya. Chaki haina hasara.

Vyombo vipandishe kwenye rafu ukutani, ila kabla ya kupiga misumari muulize mwenye nyumba. Meza ikae dirishani. Nafasi ikibana, toa sofa, usitoe meza: tumekuja mjini kusoma.