Baka Lisilo na Madhara na Baka la Kuonyeshwa Daktari

Vijipele vyeusi viotavyo mashavuni na kandokando ya macho, ambavyo huzidi kadiri mtu aongezekavyo umri, si ugonjwa. Mara nyingi hurithiwa kwa wazazi. Kuvikata kwa wembe nyumbani ni kujitafutia kidonda bure.

Kansa ya ngozi ina tabia nyingine. Aina yake iliyo kali, iitwayo melanoma, kwa mtu mweusi huanzia mara nyingi mahali pasipotazamwa: wayo wa mguu, kiganja, au chini ya ukucha. Baka hilo halikai lilivyo. Hutanuka, kingo zake haziwi sawa, na rangi yake huchanganyika. Mistari myeusi katika kucha kadha wa kadha ni jambo la kawaida kwa watu weusi. Bali mstari wa ukucha mmoja unaopanuka, au weusi wake ukienea hata kwenye ngozi, usidhaniwe kuwa ni alama ya kujikwaa. Wala asingoje mtu mpaka aone maumivu. Bob Marley, mwimbaji wa Jamaika, alionekana na ugonjwa huo katika kidole cha mguu mwaka 1977. Akafariki mwaka 1981, umri wake miaka 36.

Kidonda kisichopona kwa majuma manne, au kovu la moto la zamani lililofumuka upya, nalo lionyeshwe. Wenye ualbino yawapasa kutazamwa ngozi mara kwa mara, kwa kuwa jua huwadhuru upesi. Daktari akishuku hukata kipande kidogo kikapimwe kwa hadubini, maana kwa macho matupu hata yeye hawezi kuwa na hakika.