Nuru na Jino Linaloanza Kuoza

Mwaka jana niling'olewa gego. Daktari wa meno aliniambia kuwa alama ya ugonjwa ilikuwapo muda mrefu kabla ya tundu. Nikamwuliza, mbona sikuiona, nami hujitazama katika kioo kila siku? Akanijibu, "Ulilitazama likiwa na mate."

Msomaji na achukue karatasi iliyofungiwa maandazi pale stendi ya Nzega, aielekeze dirishani. Palipoingia mafuta nuru hupenya. Palipo pakavu ni peupe. Karatasi ina nafasi ndogo za hewa kati ya nyuzi zake, na nuru ikiingia na kutoka humo hupinda na kutawanyika. Mafuta yakizijaza, kutawanyika hupungua.

Jino nalo ni vivyo hivyo. Vijidudu vya kinywani hugeuza sukari kuwa asidi, nayo huyeyusha madini ya tabaka gumu la nje na kuacha matundu yasiyoonekana kwa macho. Namba ya kupindisha nuru ya tabaka hilo ni kama 1.62, ya maji 1.33, ya hewa 1.00. Tofauti ikizidi, nuru hutawanyika zaidi. Kwa hiyo mate huficha doa, na jino likikaushwa doa jeupe hutokea. Doa linaloonekana hata jino likiwa na maji limekwisha kuzama ndani zaidi.

Vipo pia vyombo vya kupimia. Kimoja humulika nuru ya buluu. Jino zima hung'aa kijani, na mahali palipopoteza madini hufifia, kisha kompyuta hukadiria upungufu. Kingine hutoa mwali mwekundu na kuonyesha tarakimu kutoka 0 hadi 99, ingawa uchafu na madoa ya jino huweza kukipotosha.

Na si kila doa ni kuoza. Sehemu za Shinyanga, Singida na Arusha maji yana floridi nyingi, na meno huota yakiwa na madoa. Mwaka 1978 Thylstrup na Fejerskov wa Denmark walitoa kipimo chao cha madoa hayo, ngazi 0 hadi 9, nao pia huagiza meno yakaushwe kwanza. Madoa ya floridi kwa kawaida hufanana kulia na kushoto. Ya kuoza hukaa pale utando wa chakula unapoganda.

Jumapili nilimkausha mdogo wangu meno kwa pamba, karibu na dirisha. Gego moja lina doa jeupe kando ya ufizi, mwenzake hana. Doa la namna hiyo, kabla halijatoboka, huweza kurudishiwa madini kwa mate na dawa ya meno yenye floridi. Mama atampeleka kwa daktari Jumatatu.