Klamidia: Hadubini Haitoshi
Ukiambiwa kwamba uchafu wako wa ukeni umetazamwa kwa hadubini na "hakuna kitu", usiridhike upesi. Klamidia haionekani kwa njia hiyo, na wanawake wengi wenye ugonjwa huu hawahisi maumivu wala muwasho. Wakati huo viini hupanda hadi kwenye mirija ya uzazi na huweza kuiziba. Baadaye mimba hukosa kushika, au hutunga nje ya mji wa mimba.

Kipimo cha PCR hutafuta chembe za urithi za kiini chenyewe na kuzizidisha mamilioni ya mara, hata zikiwa chache mno. Mwanamke aweza kujichukulia sampuli ukeni kwa kijiti chenye pamba (aibu hupungua hapo). Mwanamume hutoa mkojo wa kwanza kutoka, akiwa hajakojoa kwa saa moja.

Bei si nafuu, nakubali. Ila dawa za kubahatisha pia hununuliwa.

Usirudie kipimo kabla ya majuma manne baada ya matibabu: mabaki ya viini vilivyokufa yaweza kuonyesha ungali mgonjwa. Mwenzako naye atibiwe. Kisha rudi upimwe baada ya miezi mitatu, maana wengi huambukizwa tena.