FIGO, JUA NA MIFUPA



Katika somo la Biolojia naulizwa mara nyingi swali moja, nalo ni hili: mtu aishiye katika nchi ya jua kama yetu awezaje kupungukiwa na vitamini D? Swali ni zuri, lakini jibu lake si fupi. Kwa hiyo nimeomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu nipate kulieleza taratibu, hasa kwa ajili ya wale wenye wazee au jamaa wanaougua ugonjwa wa figo wa muda mrefu. Wagonjwa hao huambiwa na majirani, "Ota jua, mifupa itapata nguvu." Maneno hayo hutoka katika moyo mwema, lakini jua peke yake haliwezi kuimaliza kazi hiyo, na sababu yake iko ndani ya figo zenyewe.

KAZI ZA FIGO

Figo zetu ni mbili, kila moja yapata ukubwa wa ngumi, nazo zimekaa nyuma ya tumbo, moja kila upande wa uti wa mgongo. Ndani ya kila figo mna vichujio vidogo sana vipatavyo milioni moja. Kwa siku moja huchuja kama lita 180 za maji kutoka katika damu, lakini karibu yote hurudishwa mwilini, zikabaki lita moja au mbili tu zitokazo kuwa mkojo.

Hiyo ndiyo kazi tuijuayo wote. Lakini figo ni kiwanda pia. Hutengeneza homoni inayouamrisha uboho wa mifupa utoe chembe nyekundu za damu, na huikamilisha vitamini D. Ndiyo maana mgonjwa wa figo aweza kupungukiwa na damu na kudhoofika mifupa, ijapokuwa hakuvuja damu wala hakuvunjika mahali.

Madaktari husema ya kwamba mtu ana ugonjwa wa figo wa muda mrefu iwapo figo zake zimeharibika, au uwezo wake wa kuchuja umeshuka chini ya mililita 60 kwa dakika, na hali hiyo imedumu kwa miezi 3 au zaidi. Kijana mwenye afya huchuja zaidi ya mililita 100 kwa dakika. Kiasi kikishuka chini ya 15, basi figo zimeshindwa.

JINSI VITAMINI D ILIVYOJULIKANA

Zamani watoto wengi wa miji ya Ulaya, yenye moshi mwingi na jua haba, walikuwa na matege. Mwaka 1919, katika mji wa Berlin, daktari Kurt Huldschinsky aliwaponya watoto wa namna hiyo kwa taa itoayo miali ya urujuanimno, yaani miali ya jua isiyoonekana kwa macho. Miaka hiyo hiyo, huko Uingereza, Edward Mellanby alionyesha ya kuwa mafuta ya ini la samaki huwakinga mbwa wasipatwe na ugonjwa huo. Mwaka 1922, huko Marekani, Elmer McCollum aliyachemsha mafuta hayo na kupitisha hewa ndani yake mpaka vitamini A yote ikaharibika, na bado yaliponya matege. Akatambua ya kwamba mna kitu kingine ndani yake. Kwa kuwa herufi A, B na C zilikwisha kutumika, kitu hicho kikaitwa vitamini D.

MPUNGA, MCHELE NA WALI

Sasa tufike kwenye kiini cha somo. Vitamini D itokayo katika ngozi au chakula haiwezi kufanya kazi mara moja. Hapana budi ipite katika hatua tatu, nami nitazifananisha na mpunga, mchele na wali.

Hatua ya kwanza ni ngozi. Miali ya jua huipiga ngozi na kugeuza kitu kilicho jamaa ya kolesteroli kiwe vitamini D. Huu ni mpunga.

Hatua ya pili ni ini. Damu huupeleka mpunga huo kwenye ini, nalo huukoboa ukawa mchele. Mchele huu ndio huzunguka katika damu kwa majuma kadhaa kama akiba, nao ndio unaohesabiwa hospitalini mtu anapopimwa kiasi cha vitamini D.

Hatua ya tatu ni figo. Figo huuchukua mchele na kuupika uwe wali, yaani homoni iitwayo kalisitrioli. Homoni hii ndiyo inayouamrisha utumbo ufyonze kalisiamu na fosforasi kutoka katika chakula.

Hatua hii ya tatu ilijulikana mwaka 1970. Katika mji wa Cambridge, David Fraser na Egon Kodicek waliona ya kuwa panya walioondolewa figo hawakuweza kuitengeneza homoni hiyo. Hapo fumbo la siku nyingi likafumbuka. Madaktari walikuwa wameona wagonjwa wa figo wenye mifupa laini ambao hawakuponywa na vitamini D ya kiasi cha kawaida. Ghala lilikuwa na mchele, lakini mpishi alikuwa mgonjwa.

FIGO ZIUGUAPO

Figo zikiharibika, mambo manne hutokea, nayo huvutana kama pingu za mnyororo.

Kwanza, fosforasi ya chakula haitolewi vizuri kwa mkojo. Mifupa hutoa homoni ya kuamrisha figo ziitupe, lakini homoni hiyo hiyo huzizuia figo zisitengeneze kalisitrioli. Pili, sehemu za figo zinazofanya upishi wenyewe hupungua. Tatu, kwa wagonjwa ambao mkojo wao una protini nyingi, baadhi ya vitamini D hupotea pamoja na protini hiyo, kwa sababu katika damu husafiri imeshikamana nayo. Nne, kalisitrioli ikipungua, utumbo haufyonzi kalisiamu ya kutosha. Hapo tezi nne ndogo zilizo shingoni, ziitwazo parathairoidi, hushtuka na kutoa homoni yake kwa wingi. Homoni hiyo huiamuru mifupa itoe kalisiamu yake ikopeshe damu. Mkopo huo ukiendelea miaka mingi bila kulipwa, mifupa hudhoofika, huuma, na huvunjika upesi. Tena kalisiamu na fosforasi zaweza kujikusanya katika kuta za mishipa ya damu, zikaifanya migumu, na moyo ukapata taabu.

Mkitaka kuona mfupa usio na kalisiamu ulivyo, chukueni mfupa mwembamba wa kuku, muuoshe, mkautumbukize katika siki kwa muda wa juma moja, mkibadili siki mara moja au mbili. Siki huyeyusha madini, na mfupa utapindika kama mpira. Ndani ya mwili ugonjwa haufanyi kazi kwa siki, lakini jaribio hili laonyesha wazi ya kuwa ugumu wa mfupa watokana na madini yake.

KIPIMO NA MAANA YAKE

Katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 2012, Wamasai na Wahadzabe 60 wa Tanzania, waishio kwa desturi zao nje juani, walipimwa, na wastani wa akiba yao ulikuwa nanomoli 115 kwa lita moja. Wengi wa wataalamu huhesabu ya kuwa chini ya 50 ni upungufu. Basi jua letu lina nguvu kweli. Lakini mgonjwa wa figo aweza kuwa na akiba nzuri namna hiyo, na bado kalisitrioli yake ikawa haba. Kipimo kile chahesabu mchele, hakihesabu wali. Kwa hiyo daktari hutazama pia kalisiamu, fosforasi, na homoni ya parathairoidi.

Kuna jambo jingine la kuangalia. Ilionekana ya kuwa wagonjwa wenye vitamini D kidogo ndio mara nyingi figo zao huharibika upesi, na watu wakatumaini ya kuwa vidonge vingezilinda figo. Huko Marekani watu 1,312 wenye kisukari walijaribiwa kwa miaka 5, baadhi yao wakipewa vipimo 2,000 vya vitamini D kila siku. Matokeo yalitangazwa mwaka 2019: nguvu ya figo za waliopewa haikuwa tofauti na ya wasiopewa. Wahenga walisema, jogoo liwike lisiwike, kutakucha. Mambo mawili yakitokea pamoja, si lazima moja liwe sababu ya jingine. Huu ni msingi wa sayansi yote.

LA KUFANYA

Msinielewe vibaya nikadhaniwa nasema vitamini D haina faida kwa mgonjwa wa figo. Mgonjwa aliyepimwa akaonekana akiba yake ni ndogo hupewa vitamini ya kawaida kama mtu mwingine yeyote, maana hata mpishi dhaifu ahitaji mchele. Yule ambaye tezi zake za shingo zimezidi sana aweza kupewa kalisitrioli yenyewe, yaani wali uliokwisha kupikwa. Lakini dawa hii yataka uangalizi, kwa sababu ikizidi, kalisiamu hujaa katika damu, na sehemu za figo zilizobaki nzima zikaumia. Kwa sababu hiyo nawasihi msimnunulie mgonjwa vidonge dukani kwa kubahatisha.

Lililo bora zaidi ni kumlinda mpishi kabla hajaugua. Shinikizo la damu na kisukari ndivyo viharibuvyo figo nyingi, na vyote viwili huenda kimya kimya. Mtakapofunga shule na kurudi nyumbani, waombeni wazazi wenu waende wakapimwe damu, sukari na mkojo. Waambieni pia ya kuwa vidonge vya maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, vikimezwa siku nyingi bila shauri la daktari, vyaweza kuzidhuru figo. Maneno hayo ya mtoto wao huenda yakawafaa kuliko jua la mwaka mzima.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja hatua tatu ambazo vitamini D hupitia, na kiungo cha kila hatua.
2. Kwa nini mtu aweza kuwa na akiba nzuri ya vitamini D, na bado mifupa yake ikadhoofika?
3. Eleza kazi ya tezi za parathairoidi wakati kalisiamu ya damu inapopungua.
4. Jaribio la mwaka 2019 latufundisha nini juu ya tofauti kati ya dalili na sababu?