Tangazo la Redio kwa Duka la Mtaani: Vidokezo 7

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi Morogoro anapolipia sekunde 30 redioni, fedha hiyo imetoka kwenye mauzo yake. Anastahili tangazo lenye akili.

1. Anzia dukani. Kaa karibu na kaunta, usikilize wateja wanauliza nini. Mmoja akiulizia bati la geji 28, na mwingine akitaka kujua kama mzigo unafikishwa Kihonda, umeshapata pa kuanzia.

2. Shika jambo moja. Bosi atataka saruji, nondo, rangi na misumari vyote vitajwe. Mweleze kwa heshima: "Bosi, wakikumbuka mabati watakuja. Wakishafika, nondo wataziona wenyewe."

3. Hesabu maneno. Kwa sekunde 30, maneno 60 hivi yanatosha. Yasome kwa sauti huku ukiangalia saa. Msomaji akiishiwa pumzi, punguza maneno, usimkimbize.

4. Acha sauti ieleze. Badala ya kutangaza "mabati bora kwa bei nafuu", jaribu hivi:

*(Tone la maji linaanguka kwenye ndoo. Jingine. Jingine.)*
MKE: Baba Asha, ndoo imejaa!
MUME: Weka sufuria.
MKE: Sufuria zimekwisha!

Paa linavuja na hakuna aliyelitaja. Hapo ndipo jina la duka linaingia. Matone yarekodi mwenyewe kwa simu, bafuni. Wahusika wazungumze kama watu wa nyumbani, wasisome kama taarifa ya habari.

5. Elekeza kama mwenyeji. Namba ya simu yenye tarakimu 10 haishikiki kwa mtu aliye juu ya bodaboda. "Mkabala na stendi ya Msamvu" inashikika. Jina la duka lirudie mara mbili au tatu, na liwe la mwisho kusikika.

6. Muziki una mwenyewe. Usichomeke wimbo wa Bongo Fleva kwa sababu tu unavuma. Bila ruhusa ya mwenye haki, unamwingiza mwenye duka matatani. Mtafute prodyuza wa mtaani atengeneze jingo la sekunde tano, mlipe, na muandikishane. Duka litabaki na sauti yake kwa miaka.

7. Lipime, kisha lirushe kwa wakati. Spika za studio hupendezesha kila kitu, kwa hiyo lisikilize pia kwenye simu ya kitochi, pembeni ya barabara yenye kelele. Neno lisilosikika hapo, libadilishe. Masika huanza Machi, basi tangazo la mabati lianze Februari, watu wakiwa bado na nafasi ya kupanda juu ya paa. La mama ntilie lipige saa tano asubuhi, njaa inapoanza kuuma. Baada ya wiki moja, rudi dukani uwaulize wateja wapya walisikia nini na saa ngapi, kisha urekebishe.