Bustani Jirani na Hifadhi: Ya Kufanya na ya Kuacha Masika Hii

Maagizo haya ni ya mwenye bustani ya nyumbani Ngongongare, Momella, Ngarenanyuki na vijiji vingine vilivyopakana na Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Mkazi wa Njiro, mjini, asome akipenda. Kwake mharibifu mkubwa ni mbuzi wa jirani.

FANYA kitalu mapema. Masika huku ni Machi hadi Mei, na miche hukaa kitaluni kama wiki nne. Anayesia mbegu mvua ikiwa imeshakolea amechelewa. Soko la Tengeru likichangamka Jumamosi, usinunue mbegu za kupimiwa kwa kifuniko cha soda. Nunua pakiti iliyofungwa na usome tarehe.

USIJAZE nyanya kwenye mvua kubwa. Bakajani itazimaliza kabla nyani hajazionja. Masika ni ya mnavu, figiri, sukuma wiki na loshuu.

FANYA ramani ya bustani kwa kumfikiria mnyama kwanza, mbegu baadaye. Mahindi mabichi, karoti na viazi vikae karibu na mlango wa jiko, watu wanakopita kutwa. Pilipili kali na vitunguu viende pembezoni. Wengi hufanya kinyume: mahindi nyuma kabisa, yakigusana na kichaka, kisha lawama kwa hifadhi. Wala usidanganyike kwamba mstari wa pilipili ni ukuta. Nyani huuruka. Faida yake ni kwamba pale pembezoni umepanda kitu asichokitaka.

FYEKA kichaka kinachogusana na tuta. Nyani haji kwa pupa. Hukaa ukingoni akikusoma. Ukigeuka tu, ameng'oa karoti, amefuta udongo kwa kiganja, ameuma mara moja, ametupa, anang'oa ya pili. Kundi zima likifanya hivyo, tuta limekwisha kabla chai haijachemka.

USIMTOE mtoto shuleni akalinde nyani. Wanyama hawa huamka na jua na kurudi kulala jioni, hivyo ulinzi ni wa mchana kutwa, na ndiyo maana watu wazima humsukumia mtoto. Pangeni zamu na majirani. Nyani mwenyewe anajua mtoto hatishi.

USITOKE peke yako usiku kumfukuza nyati au tembo. Hapana, hata ukiwa na tochi kali. Waamshe jirani, pigeni madebe mkiwa pamoja na mkiwa mbali naye, mwachieni njia ya kurudi msituni. Kamba ya katani iliyopakwa oili chafu na pilipili ya kusaga humsumbua tembo pua, lakini mvua huisafisha. Usipokuwa tayari kuipaka upya, usijisumbue kuifunga.

USITEGE waya, usiweke sumu. Waya wa nguruwe pori hunasa pongo, na mbwa wako pia. Sumu uliyoificha ndani ya kiazi ataila kuku, na kuku utamla wewe.

USIPIKE mnyamapori aliyefia bustanini. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 mnyama huyo ni nyara ya Serikali. Kusema “alijifia mwenyewe” hakutakuokoa. Toa taarifa, kaa mbali na mzoga.

USITUPE maganda ya ndizi na makombo uani. Anayemlisha nyani Jumatatu asishangae kumkuta jikoni Ijumaa.

TOA TAARIFA siku hiyo hiyo tembo au nyati akiharibu mazao. Anza kwa mtendaji wa kijiji, kisha afisa wanyamapori aje aone nyayo na mabua yaliyolala. Usisafishe chochote kabla hajafika. Ila usikope kwa kutegemea malipo. Kanuni za 2011 za Sheria hiyo ya Wanyamapori zinayaita kifuta jasho, nacho si fidia ya thamani ya ulichopoteza. Afisa akishaondoka, lainisha tuta, tia samadi, sia mchicha. Wiki tatu au nne, unachuma.