Reli ya Bonde la Ufa Juu ya Ubao: Namna ya Kuanza

Reli haifiki Kamere, huku South Lake kando ya Ziwa Naivasha. Anayetaka kuiona hupanda matatu hadi Naivasha mjini, kisha hutembea hadi stesheni na kusubiri. Hata hivyo ni vigumu kupata mahali palipozungukwa na majina ya reli kama hapa. Kati ya 1955 na 1956, kampuni ya Beyer Peacock ya Manchester iliunda injini 34 za mvuke za aina ya Garratt, Klasi 59, kwa ajili ya reli za Afrika Mashariki, na kila moja ikapewa jina la mlima wa kwetu. Kulikuwa na Mount Longonot, Mount Suswa, Mount Eburu na Menengai Crater. Mtu aliyesimama ufuoni Kamere asubuhi isiyo na ukungu anaiona Longonot upande mmoja na Eburu upande wa pili.

Burudani ya treni ndogo na treni za kompyuta hapa kwetu haijazoeleka, na wengi hudhani ni ya watu wa Ulaya wenye vyumba vya ziada. Mimi naona tunaweza kuifanya vizuri sana, mradi tuanze na reli tunayoijua. Hakuna duka linalouza reli ya Nakuru ikiwa tayari ndani ya boksi, kwa hiyo anayeitaka ataiunda mwenyewe.

Hatua ya 1: Chagua kipande kimoja

Reli ya Uganda ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899 na Kisumu 1901. Usijaribu kuibeba yote. Chagua stesheni moja na kipindi kimoja. Ushauri wangu ni Gilgil. Ni stesheni ya kiasi, na hapo ndipo tawi la kwenda Nyahururu lilipochepuka, kwa hiyo una sababu ya kweli ya kupanga na kupangua mabehewa. Nakuru ni kubwa mno kwa anayeanza. Kama unapenda mambo ya sasa, chukua reli mpya ya SGR, ambayo kipande chake cha Nairobi hadi Naivasha kilifunguliwa Oktoba 2019, na stesheni yake ya mwisho iko Suswa.

Kipindi nacho kina maana. Ukichagua mvuke, usiweke kontena. Ukichagua dizeli za General Electric za Klasi 93 na 94, Garratt ipumzike.

Hatua ya 2: Nenda ukaone kwa macho

Picha za mtandaoni hazionyeshi mambo unayoyahitaji zaidi: kutu kwenye msumari wa reli, mafuta yaliyomwagika katikati ya njia pale injini zinaposimama, nyasi zilizoota kati ya mataruma. Nenda stesheni, mwamkie stesheni masta, mwambie unachofanya na uombe ruhusa kabla ya kupiga picha. Usitembee kwenye njia. Treni ya mizigo ikiwa kwenye mteremko haisimami kwa sababu wewe umeiona.

Treni ya abiria ya Nairobi hadi Kisumu ilirudi Desemba 2021, ikipitia Naivasha na Nakuru. Uliza stesheni kama inasafiri, na kwa ratiba gani, kabla ya kufunga safari. Ukipata nafasi ya kwenda Nairobi, ingia Makumbusho ya Reli, yaliyofunguliwa 1971 karibu na stesheni kuu. Hapo imesimama 5918 Mount Gelai, mojawapo ya zile 34, yenye uzito wa tani 252 hivi na urefu unaozidi mita 31. Beba futi na daftari. Upana wa mlango wa behewa, kimo cha ngazi, nafasi kati ya magurudumu: vipimo hivyo utavirudia nyumbani mara nyingi kuliko unavyodhani.

Hatua ya 3: Endesha kwanza kwenye kompyuta

Kabla ya kutoa hata shilingi kununua treni ndogo, jifunze kuendesha kwenye simuleta. Programu mbili za bure zinatosha. Open Rails hutumia Windows na husoma njia na injini zilizotengenezwa kwa mfumo wa Microsoft Train Simulator wa mwaka 2001, kwa hiyo vitu vya kuweka ndani yake ni vingi sana. OpenBVE nayo hukaa kwenye Windows na Linux. Zote mbili hazidai kompyuta ya bei mbaya, na ukishapakua njia unayoitaka, hutumii bando unapoendesha.

Anza na breki. Kwenye treni ndefu breki hufanya kazi kwa hewa inayopita kwenye bomba kutoka behewa hadi behewa, na hewa hiyo huchukua muda. Ukifunga breki, mabehewa ya mbele huitika kabla ya yale ya nyuma. Ukifungua na kufunga ovyo ukiwa unateremka, hewa hupungua kwenye matangi kabla haijajaa tena, na treni huanza kukukimbia. Tafuta njia yoyote ya milimani, iwe ya nchi yoyote, panga mabehewa 20 ya mizigo na uteremke nayo polepole. Ukiweza kusimama stesheni bila kupitiliza, utaiangalia treni inayoshuka kutoka Limuru kuja bondeni kwa heshima mpya.

Sasa jambo ninalolipenda zaidi. Njia ya OpenBVE huandikwa kama maandishi ya kawaida, kwenye programu ile ile unayoandikia orodha ya sokoni. Unaandika umbali kwa mita kutoka mwanzo wa njia, kisha amri ya kile kinachotokea hapo. Amri ya Curve inataka nusukipenyo cha kona, na Pitch inataka mwinuko kwa elfu, kwa hiyo mwinuko wa 1 kwa 50 unaandikwa 20. Upana wa reli usipoutaja, programu huchukua milimita 1,435 za SGR. Kwa reli yetu ya zamani weka 1,000.

Fungua picha za setilaiti, fuata reli kutoka Naivasha hadi Gilgil, na kila penye kona andika umbali na ukali wake. Kimo cha ardhi utakipata kwenye ramani hizo hizo. Unapanda kutoka karibu mita 1,900 hadi kama mita 2,000, na unauona mwinuko ukizaliwa kwenye mistari yako. Usihangaike na nyumba wala miti mwanzoni. Njia tupu yenye kona na vilima vya kweli ina thamani kuliko mji mzuri wa kubuni.

Hatua ya 4: Hesabu kidogo kabla ya kununua

Skeli inayopatikana kwa urahisi ni 1:87. Kwa skeli hiyo SGR inakaa sawasawa kwenye reli ndogo ya milimita 16.5, ambayo ndiyo ya kawaida kabisa duniani, na injini za Kichina za ukubwa huo zinauzwa.

Reli yetu ya mita moja inahitaji milimita 12. Hapa Uswisi inatusaidia bila kujua. Reli ya Rhaetian ya milimani kule ina upana wa mita moja kama yetu, na kwa kuwa wapenzi wake ni wengi, kampuni kama Bemo na Peco hutengeneza reli ndogo za milimita 12 kwa skeli ya 1:87. Nunua reli na magurudumu yao, mabehewa jitengenezee. Behewa la mita 12 linakuwa sentimita 14. Garratt ya Klasi 59 ingekuwa na zaidi ya sentimita 36, na hiyo iache kwa sasa. Vilevile kazi yake kubwa ilikuwa kati ya Mombasa na Nairobi, si huku kwetu.

Kona zitakuumiza roho. Kona halisi ya nusukipenyo cha mita 200 ingedai mita 2.3 mezani. Wote hukubali kukunja zaidi ya uhalisia, au huepuka kona kabisa, jambo ninalopendekeza.

Ukiagiza kutoka nje, uliza ushuru mapema. Tangu 2013 Kenya hutoza bidhaa zinazoingia nchini ada ya kuendeleza reli, kwa hiyo hata behewa la kuchezea linaweza kuchangia SGR.

Hatua ya 5: Ubao na njia

Mpango unaofaa chumba kimoja cha kupanga ulibuniwa na Mwingereza Alan Wright, na unajulikana kama Inglenook. Una pointi mbili tu za kugawanya njia, na njia tatu za kuegesha: moja ya mabehewa matano, mbili za mabehewa matatu matatu. Upande wa pili kuna njia fupi ya injini pamoja na mabehewa matatu. Una mabehewa manane, na kazi yako ni kupanga treni ya matano kwa mfuatano uliopewa. Mifuatano inayowezekana ni 6,720.

Kwa mabehewa ya sentimita 14, ubao wa sentimita 180 kwa 30 unatosha. Ukate vipande viwili vya sentimita 90 vinavyofungwa kwa bolti, uvihifadhi chini ya kitanda. Fundi seremala yeyote atakukatia plaiwudi. Mwambie tu asiache ukingo uliopinda.

Hatua ya 6: Umeme

Adapta ya ruta ya volti 12 inatosha kwa injini moja ndogo. Kati yake na reli weka kidhibiti cha mwendo cha mota za volti 12, swichi ya kugeuza chanya na hasi ili injini irudi nyuma, na fyuzi ndogo. Fyuzi usiiruke. Gurudumu likitoka njiani ni shoti hapo hapo. Betri ya sola ya volti 12 nayo hufanya kazi, lakini kwa nguvu yake fyuzi inakuwa lazima mara mbili. Usiguse kabisa umeme wa ukutani bila adapta.

Vumbi la South Lake ni adui wa kila siku. Futa reli kwa kitambaa chenye spiriti. Usitumie msasa, kwa kuwa mikwaruzo hukusanya uchafu zaidi.

Hatua ya 7: Mandhari yatoke hapa hapa

Kwa kokoto za njia, chukua changarawe nyepesi ya volkano inayouzwa na wachuuzi wa mchanga. Ichekeche kwa chujio la chai, ioshe, ianike. Kisha pitisha sumaku juu yake, tena na tena. Utaona punje nyeusi zikirukia sumaku. Hizo zikibaki njiani zitavutwa na mota ya injini na kuiharibu. Ukishamwaga kokoto kati ya mataruma na kuzisawazisha kwa brashi, nyunyizia maji, kisha dondoshea gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, pamoja na tone la sabuni ya vyombo ili gundi ipenye.

Vijiti vikavu vya leleshwa vina matawi yanayofanana kabisa na mti mzima. Vikate nje ya Hell's Gate, maana ndani ya hifadhi hakuna kuokota kitu. Nyasi kavu za Gilgil zitoke kwenye kamba ya mkonge, iliyofumuliwa na kukatwa milimita nne nne. Usiipake rangi ya kijani. Katoni za maua zinafaa kwa kuta za mabehewa, na plastiki angavu ya vifungashio inatengeneza nyumba za kukuzia waridi.

Hatua ya 8: Ipe kazi

Treni inayozunguka tu huchosha upesi. Andika mabehewa yako kwenye kadi nane: nafaka, mafuta, mbolea, na kadhalika. Changanya kadi, chomoa tano, na huo ndio mfuatano wa treni inayopaswa kuondoka Gilgil. Panga bila kuinua behewa kwa mkono. Mwalike jirani awe stesheni masta na wewe uwe dereva, mkubaliane kwamba injini haisogei mpaka aseme, na mwendo usizidi wa mtu anayetembea. Kisha badilishaneni.